Kamba ya Rangi ya Chungwa

Kaka alipofungua begi lake sebuleni kwa mama, hapa Bwiru jijini Mwanza, vilitoka kwanza vitu tulivyovitarajia: viatu vya watoto, dawa ya kuchua magoti ya mama, chokoleti zilizolainika njiani. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa rangi ya chungwa, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi kiganja, ncha ya kamba ikichungulia mdomoni. Mama akauvuta, akaupima uzito mkononi.

"Hii ya kufungia nini, baba?"

"Ya kumrushia mtu anayezama, mama."

Mama akaurudisha begini polepole, akainuka kwenda jikoni kuangalia ugali ambao binti yangu alikuwa ameshausonga na kuufunika. Hakuna aliyesema neno. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 24 Julai 2025. Kaka, wifi na watoto wao wawili walikuwa wametua mchana ule, shule za Uingereza zikiwa zimefungwa kwa likizo yao kubwa ya kiangazi ya wiki sita. Tulikuwa tumepanga likizo ya kutembea, kula samaki, kuwaonyesha watoto kwao, na kupita kwenye miradi miwili mitatu ya kujitolea ambayo marafiki wa wifi walimwomba aitazame. Kamba haikuwamo kwenye mpango wangu.

Niseme kwa nini mama aliinuka.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mjomba wetu, mvuvi wa dagaa. Alituchongea vimtumbwi vya mti laini, kila mtoto na chake, akatuandikia majina yetu ubavuni kwa mkaa. Usiku mmoja wa giza mwaka 1994 walitoka watu wanne. Upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Wawili walishikilia tumbo la mtumbwi hadi kulipokucha wakaokotwa na wavuvi wengine. Mjomba na mwenzake walionekana siku ya tatu. Mimi nilikuwa na miaka saba, kaka kumi na mmoja. Kati ya wale wanne hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

Wageni hushangaa nikiwaambia hivyo, nami siku hizi nimeanza kushangaa pamoja nao. Mvuvi wa huku hufundishwa tangu mdogo kupiga kasia, kushona nyavu, kuwasha taa ya kuvutia dagaa, kujua upepo upi ni wa kurudi nyumbani. Kuelea hafundishwi. Mtumbwi ndio miguu yake, na anayeutegemea mguu hafikirii siku utakapoteleza.

Baada ya mazishi mama akaweka sheria moja nyumbani: ziwa ni la kutazama. Tulichota maji bombani hata yalipokuwa ya mgao, na wenzetu walipokwenda kuoga kwenye mawe sisi tulibaki barazani. Ziwa hili, Ziwa Victoria, lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800, nusu yake au zaidi kidogo ikiwa Tanzania. Nimefika miaka 38 nikiliona kila asubuhi nikifungua dirisha, na mpaka Julai ile sikuwa nimewahi kuzamisha kichwa changu ndani ya maji yoyote, ya ziwa wala ya bwawa.

Kaka ni fundi magari. Ufundi aliupatia kwenye gereji ya Nyakato, na sasa anaishi na familia kwenye mji mdogo wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza. Tulikuwa tunajua anafanya kazi gereji. Tusichojua, kwa sababu hakumwambia mama, ni kwamba amejiunga na kituo cha boti za uokoaji cha mji ule.

Alituhadithia taratibu, usiku kwa usiku, mama akijifanya anachambua mchele. Shirika linaitwa RNLI, lilianzishwa mwaka 1824. Walinzi wa pwani wa serikali hupokea simu ya dharura na kutoa taarifa, lakini boti zenyewe ni za shirika hili la hisani, linaloendeshwa kwa michango ya watu, na wengi wa wanaozipanda hawalipwi mshahara. Ni mwalimu, ni muuza samaki, ni seremala. Kila mmoja ana kidude kiunoni. Kikilia, awe mezani au kitandani, anakimbia. Kwa miaka mia mbili wamehesabu watu zaidi ya 140,000 waliookolewa hivyo. Kaka kazi yake ni trekta. Kwenye vituo vingine boti haikai majini. Inakaa kwenye banda, na trekta huisukuma juu ya mchanga hadi kwenye mawimbi, kisha dereva anabaki ufukweni anasubiri kuipokea, hata kama ni saa tisa usiku na mvua ya baridi.

"Ulijifunza kuogelea?" niliuliza.

"Nikiwa na miaka thelathini na sita. Kwenye bwawa la watoto, dada. Nilikuwa naingia na mwanangu darasa moja."

Mama hakuinua uso, ila mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Usiku mwingine alitueleza habari ya Penlee, kituo cha Cornwall. Tarehe 19 Desemba 1981 meli ilikwama kwenye dhoruba, wanaume wanane wa kijiji kimoja wakatoka na boti yao kuwaokoa waliokuwamo. Hakurudi mtu, si wa meli wala wa boti, walikufa 16. Kaka alisema kilichomwingia moyoni ni kwamba kabla hata siku hazijapita, watu wengine wa kijiji kile kile walijitokeza kujaza nafasi za wale wanane. Ndipo mama akauliza swali lake la kwanza: "Mama zao waliwaruhusu?"

Sitaki mfikirie likizo ilikuwa ya huzuni. Tulicheka sana.

Wanangu walikuwa shuleni, maana kwetu Julai na Agosti ni katikati ya muhula, kwa hiyo mambo yote yalisubiri Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ya kwanza tulikwenda Saanane, kisiwa kilicho hapo hapo mbele ya mji, mwendo mfupi wa boti kutoka Capri Point. Kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, miongoni mwa zile ndogo kabisa nchini. Watoto walihesabu pimbi juu ya mawe mpaka wakabishana. Mwanangu wa miaka tisa alisisitiza walikuwa 41, binamu yake wa miaka kumi akasema wale wawili wa mwisho walihesabiwa mara mbili. Kabla ya kuondoka gatini kila mtu alivishwa laifu jaketi, na mhudumu alipita akikaza mikanda mmoja mmoja. Mama alibaki Capri Point, ameketi juu ya kanga yake, akitutazama tukienda na akitutazama tukirudi.

Jumapili moja tulivuka Daraja la Kigongo–Busisi, lile lililopewa jina la J.P. Magufuli na kufunguliwa tarehe 19 Juni mwaka ule ule, kilomita tatu juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Wasomaji wa Sengerema na Geita hawahitaji kuelezwa. Mnakumbuka foleni ya kivuko, mkaanga mihogo, saa mbili zinakwenda, mgonjwa yuko ndani ya gari. Sasa ni dakika chache. Mama alikuwa anakwenda kumwona dada yake. Katikati ya daraja alisogeza uso dirishani, akakaa hivyo mpaka ng'ambo. "Kumbe ni pana hivi," alisema.

Kwa mama mkubwa tulikula sato wa kuchoma, ugali wa muhogo na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, na watoto wa kaka wakapewa mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mwingine wa matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza. Mpwa wangu mdogo aliila michembe mikavu kama biskuti njia nzima. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ulimi wa mtoto unakumbuka hata asikokulia.

Bujora pia tulifika, Makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Ngoma kubwa za Bulabo huwa Juni, kwa hiyo tulizikosa. Lakini mzee aliyetutembeza alisimama kwenye majembe ya bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, akatueleza jinsi vijana walivyokuwa wakilima shamba la mtu mmoja kwa pamoja, ngoma ikiwa inapigwa mbele yao, kesho wanahamia la mwingine. Binti wa kaka, ana miaka 15, aliuliza walilipwa nini. "Walikula, na zamu yao ikifika wanalimiwa," mzee akasema. Kaka aliniangalia. Nilijua anafikiria trekta lake.

Sasa mradi wa kwanza. Kanisa la kwao wifi kule Uingereza lilikuwa limechanga pesa na begi zima la nguo, likaomba familia iende kuona kituo kimoja cha kulelea watoto na kurudi na picha. Sitakitaja. Walezi wake ni watu wema waliochoka.

Tulipofika, watoto walipangwa mstari wakatuimbia. Waliimba vizuri mno, na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu wimbo hauwi laini vile bila kuimbwa kwa wageni wengi. Mtoto wa kike wa kama miaka mitano alishika mkono wa binti wa kaka tangu tulipoingia hadi tulipotoka. Alimwita kwa jina la mtu mwingine, jina la kizungu, la mgeni aliyewahi kupita. Langoni akamuuliza, "Utarudi kesho?" Binti hakuwa na jibu. Ndani ya gari alilia hadi Buzuruga.

Jioni ile nilimpigia simu mlezi mkuu, nikamuuliza wazi anahitaji nini hasa. Alinijibu bila kusita: nauli na mtaji. Wengi wa watoto wale wana mama, au bibi, au shangazi, aliyewaleta kwa sababu ya umaskini. Ukimtafuta ndugu, ukamsaidia kuanza genge au kununua mbuzi, ukamtembelea mara kwa mara, mtoto anarudi kulala nyumbani. Hilo halipo Mwanza tu. Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba duniani angalau wanne kati ya watano wa watoto walio kwenye vituo wana mzazi aliye hai. Wifi aliandika barua kanisani kwao usiku ule ule, akaeleza kwa nini hawatapata picha, na pesa ikaenda kwenye nauli na mitaji. Kanisa halikununa, walijibu kwa kushukuru.

Ndugu zangu mlio nje, mnaokuja na marafiki wema wenye hamu ya kusaidia: mtoto si mahali pa kutembelea. Namaanisha hivyo kwa moyo wangu wote. Anayetaka kufanya kazi ya kujitolea hapa nchini kuna kibali chake cha ukaazi, daraja C, na achukue kazi anayoijua, kwa muda wa kutosha, chini ya watu watakaokuwapo yeye akishaondoka.

Mradi wa pili tuliupata bila kuupanga.

Ijumaa ya Nane Nane tulipeleka watoto viwanja vya Nyamhongolo, na pale nilikutana na mama mmoja anayeniuzia dagaa miaka mingi. Aliuona ule mfuko wa chungwa umening'inia kwenye mkoba wa kaka, kwa sababu kaka hautui chini popote penye maji karibu. Akaushika kama mama alivyoushika, lakini yeye hakuuliza ni wa nini. Aliuliza, "Mita ngapi?"

Kesho yake tukawa mwaloni kwao, ufukweni wanakoshusha samaki, upande wa Igombe.

Ilikuwa tarehe 9 Agosti, mwezi mpevu. Anayejua dagaa anajua maana yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni balbu za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hutawanyika, taa haiwakusanyi, kwa hiyo wavuvi hushinda nchi kavu wakishona nyavu na kulala madeni ya usingizi. Siku hizo ndizo yule mama na wenzake wamezichagua. Ni kikundi cha wachuuzi wanawake kumi na kitu na vijana kadhaa wa mitumbwini, hakina ofisi, hakina bango. Yeye mwenyewe ni mjane wa ziwa. Kila mbalamwezi wanakusanya wavuvi na watoto wao, wanafundishana namna ya kutokufa majini.

Vifaa vyao: madumu ya lita tano yaliyofungwa kamba shingoni, filimbi nne, mti mrefu wa mwanzi, daftari. Dumu tupu lililozibwa vizuri linamwelesha mtu mzima akilikumbatia kifuani. Wanaweka maji kidogo ndani ili liwe na uzito wa kuruka mbali upepo unapovuma. Hilo kaka hakulijua, na mfuko wake wa kizungu ulirudishwa na upepo mara mbili huku dumu likifika. Alicheka, akaomba afundishwe. Wakabadilishana: yeye akawaonyesha namna ya kuipanga kamba ndani ya mfuko isijifunge, na kwamba unarusha ng'ambo ya mtu, kupita kichwa chake, ili kamba imwangukie begani. Wao wakamwonyesha namna ya kusimama ndani ya mtumbwi mwembamba unapomvuta mtu aingie kwa nyuma bila kuupindua.

Kanuni yao wanaiimba na watoto: piga kelele, nyoosha mti, rusha dumu, usiruke. Usiruke wanairudia. Mara nyingi ziwa huchukua wawili, wa kwanza na yule aliyemfuata kumwokoa.

Daftari ndilo lililonigusa zaidi. Kila jioni ya giza mtoto wa yule mama, msichana wa kidato cha pili, anaandika jina la kila anayetoka na mtumbwi wa tajiri yupi. Asubuhi anaweka alama kwa kila aliyerudi. Nilimuuliza ya nini. "Zamani mtu akizama ilichukua siku nzima kujua nani hayupo, shangazi. Sasa saa moja asubuhi tunajua." Nilipepesa kurasa. Alama, alama, alama, zimenyooka kama mistari ya mahindi. Ukurasa mmoja wa Machi ulikuwa na nafasi wazi. Sikuuliza.

Mpwa wangu wa miaka kumi alikuwa akizunguka ufukweni anatafuta kitu. Mwishowe akamwendea yule mama. "Bibi, kituo cha boti ya uokoaji kiko wapi?"

Yule mama akamgeuza taratibu kwa mabega, akamwelekeza kwenye mitumbwi iliyovutwa mchangani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mwalo. "Hizo zote, mwanangu."

Na ni kweli. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa. Yeye alipewa shilingi milioni moja na baadaye ajira kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na nchi nzima ikalijua jina lake. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na kuua watu zaidi ya 220, ilikuwa vile vile: majirani wenye makasia kwanza, wengine baadaye. Tunawaita mashujaa siku ile, halafu tunawaacha warudi majini bila hata laifu jaketi, kifaa ambacho bei yake ni nzito kwa mtu anayelipwa kwa mgawo wa samaki aliowapata.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu 300,000 walikufa kwa kuzama, zaidi ya tisa kati ya kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivi, na nilitambua baadaye kwamba ilikuwa kesho yake baada ya kaka kufungua lile begi. Nilikuja kujua pia kwamba hapa hapa Mwanza shirika la EMEDO limekuwa likifanya kazi hii kwa kushirikiana na hao hao RNLI wa kaka. Kaka alipoelewa alikaa juu ya jiwe. Kwa miaka yote ile alidhani ameiacha habari ya mjomba upande mmoja wa dunia na trekta lake liko upande mwingine.

Tulipoaga, kaka alimuuliza yule mama wanapungukiwa na nini. Nilitegemea aseme boti, au mashine. Alisema filimbi. Usiku wa giza mtu aliye majini haonekani hata akiwa hatua ishirini, na sauti yake inakauka upesi, filimbi inasikika. Jumatatu tulikwenda Makoroboi tukanunua filimbi sitini, na jioni watoto wote wanne walikaa sakafuni kwa mama wakizifunga nyuzi za kuvaa shingoni, kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mama alitoa uzi wake wa kufumia makawa. Hakuombwa.

Wiki ile ile alisema anataka kwenda Igoma. Pale ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa na MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 kwa hesabu nyingi. Mjomba hayupo pale. Alitangulia miaka miwili na kaburi lake liko kijijini. Mama alijua hivyo vizuri. Alitembea kati ya makaburi na mpwa wangu mkubwa amemshika kiwiko, akasimama muda mrefu mbele ya mnara.

"Hawa walikuwa wengi, wakajengewa," alisema. "Wa kwetu walikuwa wawili."

Kisha akamuuliza mjukuu wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nyanya: "Hivi huko kwenu ulifundishwa kuogelea na nani?"

Alifundishwa shuleni. Mtaala wa England unataka mtoto amalize shule ya msingi akiweza kuogelea angalau mita 25 na kujiokoa mwenyewe. Mama aliitikia kwa kichwa, tukarudi kwenye gari.

Jumamosi tatu zilizobaki tulikwenda kwenye bwawa la hoteli moja ya mjini. Kuna atakayeuliza kwa nini bwawa na ziwa liko mlangoni. Kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya kando ya maji, hupenya ngozi kwa dakika chache, na ingawa dawa ipo na hugawiwa shuleni, wanangu nisingewaingiza kwa hiari yangu. Wale wa mwaloni hawana bwawa. Wao huchagua mahali peupe pasipo na matete wala magugu maji, wakijua hatari imepungua lakini haijaisha, na kwamba mtoto wa mvuvi ataingia ziwani tu, afundishwe asifundishwe.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa kaka. Alitupanga kwenye kina kifupi, wanangu, wifi na mimi, akasema jambo la kwanza ni kulala. Chali, kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, mikono wazi, tumbo juu. Usipigane. Mtu akianguka majini ghafla mwili unaweza kumlazimisha kuvuta pumzi na kutapatapa, na hapo ndipo maji yanapoingia. Akiweza kulala chali mpaka pumzi itulie, amepata muda wa kuita na kuonekana. Wanangu walielea siku ya kwanza. Mimi kila masikio yalipoingia majini nilisikia kishindo cha moyo wangu mwenyewe, nikasimama. "Shangazi, nimekushika," aliniambia, mkono wake mdogo chini ya mgongo wangu. Siku ya kwanza sekunde nne. Siku ya pili kumi na moja.

Jumamosi ya mwisho, kabla hawajaondoka, mama alikuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa kiti cha plastiki mbali na ukingo. Nililala juu ya maji nikayatazama mawingu yaliyokuwa yakitoka upande wa ziwa. Nilisikia sauti ya mpwa wangu ikihesabu, kwa mbali, kama iko chumba cha pili. Thelathini ilipita. Niliendelea.

Nilipoinua kichwa nilikuwa nimesogea katikati, mbali na wote, mahali ambapo miguu haikufika chini. Nikaanza kutapatapa. Kaka alikuwa ameshapiga hatua, lakini mama alimzuia kwa mkono. Alikuwa amesimama ukingoni, miguu peku, kitenge kimeloa hadi magotini, mfuko wa chungwa mkononi. Sijui aliutoa lini kwenye mkoba wa kaka. Aliurusha vile alivyomwona kaka akiwaonyesha watoto uani, kupita kichwa changu, na kamba ikaniangukia begani.

"Shika, mwanangu," alisema. "Lala. Mimi ninavuta."